Divai ya 1990 na sala ya Baba

Juzi binti yangu alipekua droo ya jikoni akaibuka na kile kifaa changu chenye majani mawili ya chuma, moja refu kuliko jingine. "Papa, hii ni ya nini?" Ya kutolea kizibo, nikamwambia. Akanitazama kama mtu anayedanganywa, maana hakina hata parafujo. Mimi nikaikumbuka Bonane ile, sikukuu ya Mwaka Mpya ambayo sikuwa nacho.

Chupa alikuja nayo kaka kutoka Ufaransa: Saint-Émilion ya 1990, divai nyekundu ya Bordeaux, ya mwaka wa joto ambao huko bado wanausifu. Alitaka kuisukumiza kwenye frigo, katikati ya bia za Primus. Nilimkatalia. Baridi huficha harufu ya divai nyekundu, ukakasi ukatangulia mdomoni. Digrii 16 hadi 18 zinatosha, na sakafu ya saruji ya Bukavu inakukaribisha hapo bure. Niliisimamisha kabatini siku mbili nzima. Katika divai ya umri ule rangi na ukakasi vimeshikana vikawa mashapo, na chupa iliyosafiri imelala inahitaji muda yashuke chini.

Jioni umeme ulikatika. Kwangu haikuwa hasara, mshumaa niliuhitaji hata hivyo.

Nilichana karatasi yote ya shingoni, si ya juu tu, ili nione divai ikipita. Nikafuta ukungu kwa kitambaa chenye maji. Tirbushoni tuliyokuwa nayo ni ile ya kawaida, ya parafujo, na hapo ndipo nilipokosea: niliogopa kutoboa hadi chini nisije nikaangusha unga ndani, nikaishia katikati. Kizibo kizee huwa kikavu juu, chini kimelowa na kulegea. Ukishika nusu, utatoa nusu. Nilivuta polepole. Hakikulia. Mkono tu ulikuwa mwepesi ghafla.

Nikairudisha ncha kwa mshazari, nikikibana kipande kiegemee kioo badala ya kushuka. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Mama ananimulikia kwa simu, anauliza kwa upole kama wenye Primus waanze. Kipande kikapanda kidogo, kikasimama, kikameguka. Kilichobaki kikazama.

Basi nikatandika kitambaa cha pamba juu ya jagi, kilichochemshwa kwa maji matupu, kwa sababu sabuni utainusa hadi kwenye glasi. Mshumaa nyuma ya bega la chupa, mbali kidogo usiipashe moto. Kisha kumimina kwa mkono mmoja, bila kusita: ukiinua chupa na kuilaza tena, mashapo yanafumuka. Divai ilipita shingoni safi, rangi ya tofali, halafu ukatokea uzi mwembamba kama moshi. Nikaacha hapo hapo. Chini vilibaki vidole viwili.

Nilionja kijiko kimoja. Plamu kavu, tumbaku, udongo uliopata mvua. Nikawaita mbio, maana divai nzee haipewi masaa kama changa. Hewa inayoifungua ndiyo inayoiua.

Baba akasema tuombe kwanza.

Aliushukuru mwaka mwezi kwa mwezi. Akawataja wakwe, marehemu, walioko Goma, walio njiani kutoka Uvira. Mbuzi akapoa. Mimi nimefumba macho, nalihesabia jagi dakika.

Baada ya Amina plamu ilikuwa imeondoka, pakabaki harufu ya majani makavu. Baba mdogo hakuona tofauti, sombe yake, yaani kisamvu, ilikuwa nyekundu kwa pilipili. Kaka aliniuliza kwa jicho tu. Ningesema nini? Kizibo kilikula muda, kitambaa kiliipa hewa kupita kiasi, na sala hailaumiwi.

Baba ndiye aliyeichukua chupa, akamimina vile vidole viwili, vyeusi, na vipande vya kizibo vikielea. Akanywa. Akatafuna.

"Hii ndiyo iko na nguvu," akasema. "Mbona mulituficha?"