Nilipotibu ini, sukari nayo ikashuka

Kisukari changu kila mtu alikuwa na dawa yake. Punguza ugali, kunywa mlonge, chemsha mbegu za zambarau. Ugali nilipunguza hadi kanga ikawa inanivuka, na bado asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, mashine inasoma 12 au 13, juu mno. Kliniki wakasema nakula kwa kificho. Liliniuma sana hilo, na mpaka leo linaniuma.

Daktari mwingine alitazama vipimo vya ini akauliza, "Mama, uliwahi kuongezewa damu?" Niliongezewa mwaka 1988, kwenye uzazi wangu wa kwanza. Kirusi cha homa ya ini C kiligunduliwa 1989, kwa hiyo damu ile hakuna aliyeweza kuipima. Nikapimwa, ninacho.

Ini ndilo ghala la sukari, na insulini, homoni ya mwili ya kushusha sukari, ndiyo inayoliamuru lifunge mlango. Kirusi hiki hulifanya lisiisikie amri hiyo, likaendelea kumwaga sukari usiku kucha hata ukilala njaa. Kumbe sikuwa mwongo!

Nikapimwa homa ya ini B kwanza, maana inaweza kuamka wakati wa matibabu, kisha nikaanza vidonge vya kuua kirusi cha C, sofosbuviri na daklatasviri, wiki 12. Gharama? Wanangu walichanga, na kiwanja kikaenda.

Ninachojivunia ni daftari. Kila alfajiri niliandika sukari, na pembeni dawa zote nilizomeza. Tarakimu zikaanza kuteremka: 9, 7, 5. Alfajiri moja nikaamka shuka imelowa jasho, vidole vinatetemeka hata kijiti cha kupimia hakiingii kwenye mashine. 3.4, chini mno! Binti yangu akanikorogea sukari kwenye maji, nikanywa yote. Majirani wakasema dawa za ini ni sumu, niache. Nikabeba daftari hadi kwa daktari. Akapitisha kidole kwenye safu zile, akanisimamishia palepale glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinachosukuma mwili utoe insulini zaidi, akaniachia kidonge changu kingine cha kisukari, metformini. Mwili ulikuwa umeanza kuisikia insulini tena, na dozi ya zamani ikawa kubwa mno. Ukiwa unatumia vidonge kama glibenklamaidi au sindano ya insulini, mwambie daktari kabla ya kuanza dawa za ini.

Wiki 12 baada ya kumaliza, kirusi hakikuonekana. Metformini bado nameza. Kisukari hakiondoki kwa kila mtu, ila asubuhi nasoma 6. Juzi maabara moja ikaniambia bado naumwa, kwa kipimo cha kingamwili (askari wa mwili wanaopigana na kirusi), ambacho husoma chanya hata baada ya kupona. Nikawawekea mezani karatasi ya kipimo cha kirusi chenyewe.