Bunduki ya kilo ngapi kwa milima ya Idaho? Nilivyochagua ya kwangu

Ukiishika dukani, bunduki yoyote ni nyepesi. Uzito wake utaujua ukishapanda kwa muda wa saa tatu, uko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mgongoni una maji, chakula na nguo za baridi, na mbele yako kuna mteremko wa mawe yanayoporomoka. Sisi tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, Marekani, tumezoea kutembea, na vijana wengi wetu sasa wanachukua leseni ya kuwinda. Swali wanaloniuliza kuliko yote ni hilo la uzito. Naeleza hapa nilivyolitatua mimi, kwa mule deer, wale kulungu wa huku wenye masikio makubwa, na kwa elk, jamii ya kulungu mkubwa zaidi, ambaye dume lake hufika kilo 300 na zaidi.

Kwanza nilinunua mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia mabegi ya safari. Namba iliyoandikwa na kiwanda ni ya bunduki tupu. Tikka T3x Lite, bunduki nyepesi ya kuwindia, kwa mfano, inatajwa kuwa na kilo 2.9 hivi. Ongeza darubini ya kulengea, vishikizo vyake, mkanda na risasi ndani ya magazini, na mizani yangu ikasoma kilo tatu na nusu. Hiyo ndiyo bunduki unayopanda nayo. Hata sheria ya Idaho inahesabu hivyo: kwa wanyama wakubwa, bunduki pamoja na darubini, mkanda na kila kilichofungwa juu yake haitakiwi kuzidi pauni 16, karibu kilo saba na robo. Sijaona mtu wa miguu aliyekaribia hapo, na simshauri yeyote ajaribu.

Niliazima bunduki mbili kwa watu ninaowinda nao, nikaziweka pamoja na hiyo Tikka. Moja ilikuwa nyepesi sana, ya risasi za .30-06, mtutu mwembamba na kitako cha nyuzi za kaboni. Ikiwa kamili haikufika kilo tatu. Nyingine ilikuwa ya watu wanaopiga mbali, mtutu mnene na darubini kubwa, kilo tano na nusu. Tikka ilikuwa ya .270 Winchester, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1925 na bado inapatikana karibu kila duka la huku.

Zaidi ya asilimia 60 ya jimbo hili ni ardhi ya serikali kuu, kwa hiyo haikuwa vigumu kupata mahali panaporuhusiwa kupiga shabaha, penye kilima cha udongo nyuma cha kuzuia risasi. Nikasimamisha sahani ya chuma ya sentimita 25, kadiri ya moyo na mapafu ya kulungu, kwenye mita 200. Sikupiga nikiwa nimeegemea meza. Nilibeba begi lenye uzito wa kweli, nikapanda mwinuko wa karibu, nikashuka haraka, nikakaa chini na kupiga kabla pumzi haijatulia. Mlimani mnyama hakusubiri upumzike.

Nyepesi ilinifurahisha kuibeba na kunisumbua kuipiga. Kila pigo la moyo lilionekana kwenye darubini. Tena inapiga teke, yaani inarudi begani kwa nguvu ukifyatua: kwa risasi ile ile, ukipunguza robo ya uzito wa bunduki, nguvu ya teke inaongezeka kwa theluthi. Mwili ukishaonja teke hilo mara kadhaa, bega na jicho vinaanza kujihami kabla kidole hakijamaliza kuvuta. Mtutu mwembamba nao unapata joto upesi, na risasi za baadaye zinaanza kuhama. Nzito ilitulia kama jiwe la mtoni, sahani ikalia kila mara. Lakini kwenye mwinuko nilikuwa naihamisha bega hadi bega, na ilipobidi kushika mawe kwa mkono mmoja, ule wa pili ulichoka vibaya.

Kilo moja mkononi si sawa na kilo moja mgongoni. Hapo ndipo nilipoamua. Kwa mwili wangu, uzito unaofaa ni kati ya kilo 3.2 na 3.6, kila kitu kikiwa ndani. Chini ya hapo siwezi kuituliza nikiwa nahema, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea bondeni ni jambo ambalo hakuna gramu mia tano zinazoweza kulihalalisha. Juu ya hapo, bunduki inaanza kuamua nifike wapi. Nikachagua Tikka.

Gramu nikaenda kuzitafuta kwingine. Darubini inayokuza mara tatu hadi tisa, ya gramu 350 hivi, inatosha kabisa kwa mita 250, na sipigi mbali zaidi ya hapo. Zile kubwa hufika gramu 800. Risasi moja ya .270 ina karibu gramu 25, kwa hiyo naondoka na kumi, sanduku linabaki garini. Badala ya lita tatu za maji nabeba moja na kichujio, maana vijito havikosekani kule ninakowinda. Fimbo mbili za kupandia mlima ndizo ninazoegemeza bunduki nikikaa kupiga: nazipishanisha, nazishika kwa mkono wa kushoto. Zimenisaidia kutulia kuliko uzito wowote wa mtutu.

Wakati wa kupanda naifunga bunduki wima ubavuni mwa begi, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ikiwa tupu, ikikaribia mgongo iwezekanavyo. Akina mama wabeba mizigo wa Bukavu, wale wa mkanda kwenye paji la uso, hawaachi mzigo uning'inie mbali na mwili, na nilikuwa nimewaona miaka mingi kabla sijaelewa faida yake. Naishika mkononi nikishaingia mahali pa wanyama tu.

Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo wauzaji hawaitaji. Sheria hapa inakutaka utoe nyama ya mapaja, mabega na minofu ya mgongo, wala usiiache ioze. Mule deer mzuri, mifupa ikitolewa, anakupa kilo 25 hadi 30; elk ni safari kadhaa za kupanda na kushuka, au watu kadhaa. Chini ya mzigo huo hata tofauti ya nusu kilo ya bunduki inajulikana magotini, na ndiyo maana sikuchukua ile nzito hata kwa sahani zote zile zilizolia.

Mpwa wangu ni mwembamba na mfupi kuliko mimi. Aliniuliza, "Mjomba, basi na mimi nichukue kama yako?" Nikamwambia hapana, kwake urefu wa kitako unakuja kabla ya kilo: kikiwa kirefu, jicho halikai sawa kwenye darubini na teke linamshukia vibaya. Tutafupisha kitako cha bunduki ya kuazima, ataipiga pamoja na yangu akiwa amebeba begi, zote kwa risasi za 6.5 Creedmoor au .270, zenye teke la wastani. Leseni na kozi ya usalama wa uwindaji ameshamaliza. Msimu wa kulungu unafunguliwa Oktoba, kwa hiyo muda upo.