Meru ya mjini na Meru ya upande wa pili

Jamani leo kipindi kimenoga.

Nafundisha volkano, madogo wa fomu wani hapa Arusha, nikasema leo sichori ubaoni. Nikawasha hotspoti ya simu nikafungua Google Earth kwenye projekta nikaenda Mlima Meru, mita 4,566, ule ule wanaouona kila asubuhi wakija shule.

Nikauzungusha taratibu mpaka mashariki, kule Momella.

Weee. Upande mzima haupo! Kreta iko wazi kama chungu kilichovunjika ubavu, maana zamani hizo mlima ulimeguka ukamwagika chini, halafu ndani kimeota kile kilima cha majivu.

Dogo mmoja wa nyuma, yule haongeagi, akauliza "Ticha, kwa hiyo sisi tunaonaga mgongo tu?"

Nimecheka ila swali limenikaa mpaka saa hii, mi mwenyewe mtoto wa Sanawari, hapa hapa Arusha, na kichwani Meru ilikuwa pembetatu tu basi.

Bando likakata kabla sijafika Ol Doinyo Lengai (kama kawaida).

Walimu wenzangu, sayari na nyota mnafundishia nini? Mi nina Stellarium, programu ya kuonyesha anga, ni ya bure na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Mwenye kingine adondoshe hapo chini 🙏