Siku Moja Maishani Mwangu: Muuza Maua Mwenye Paka

Ilikuwa Jumamosi. Saa 11 alfajiri, baada ya sala, niliwawekea paka wangu, Nunu na Halua, dagaa na maji, nikafunga mlango wa nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, nikapanda tuktuk.

Saa 12 nilikuwa kwenye stesheni ya basi nikipokea makasha ya maua yaliyosafiri usiku kucha kutoka Nairobi, mengi yakiwa mawaridi na lili. Wateja huziita lili yungiyungi, ingawa yungiyungi hasa ni lile liotalo majini, nalo halimdhuru paka. Nizungumziazo hapa ni zile ndefu za harusi, zenye harufu nzito, na sina ua dukani linalozishinda kwa hatari: jani, petali, chavua, hata maji ya chombo chake, vyote vinaweza kumharibu paka figo hadi akafa.

Saa 2 nilianza kunyofoa vichavulio vya lili, yaani vile vifuko vya chavua, kabla havijapasuka, kwa kuwa vumbi lake la rangi ya machungwa likigusa kanzu halitoki. Wapo wauzaji wanaomwambia mteja kwamba lili iliyonyofolewa hivyo haina neno tena kwa paka, na maneno hayo huniudhi, maana jani na petali bado zina sumu ile ile.

Saa 4 aliingia mama mmoja mtu mzima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nifungie hizo nyeupe.”

“Nyumbani kuna paka?”

Akacheka. “Mji wa Kale huu, nani hana paka?”

Nikamfungia mawaridi na asumini, ambayo hayana sumu kwa paka. Aliponiuliza kuhusu mshubiri wake alioupanda kwenye kopo, nilimweleza kwamba ukitafunwa humtapisha paka na kumharisha, basi afadhali ampe jirani asiyefuga, kwani mahali paka asipofika mimi sijapaona.

Saa 7 ilipigwa simu iliyoniharibia chakula cha mchana. Mteja aliyehudumiwa na kijana wangu jana yake, bila kuulizwa swali langu la kila siku, alikuwa amemkuta paka wake ana pua ya rangi ya machungwa, mate yanamtoka, ametapika mara mbili, na alitaka kumnywesha maziwa. Nilimsihi asimpe maziwa wala asimtapishe kwa chumvi, bali amfute chavua kwa kitambaa kilicholowa, kwani paka hujiramba, kisha ambebe pamoja na ua lenyewe hadi kwa daktari wa mifugo saa ile ile. Ubaya wa lili ni kwamba baada ya kutapika paka huweza kuonekana ametulia, mwenyewe akashukuru kuwa amepona, ilhali figo zinaendelea kufa. Nazo zikishakufa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya siku 1 hadi 3, tiba huwa ngumu mno. Akiwahiwa hutiwa dripu, mara nyingi kwa siku 2 au 3 mfululizo. Kijana wangu sikumkaripia. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwahi kuliandika swali lile kwenye daftari la oda.

Saa 10 nilipeleka maua ya harusi Nyali. Bustani ya pale ilikuwa na mtapo, ambao ni mti wa pwani yetu wenyewe na ambao mbegu zake huua ini, na ua la oleanda, linalodhuru moyo. Nilimwonyesha mtunza bustani, naye akasema paka wa pale hula samaki tu.

Saa 1 usiku nilirejea. Aproni huiacha dukani, na kanzu niliyovaa niliitumbukiza kwenye ndoo uani kabla Halua hajanisugua miguuni.

Saa 3 ulikuja ujumbe: paka yuko kwenye dripu, amekojoa, na damu itapimwa tena asubuhi.