Wiki ya tisa: mwenzetu katuita darasani kwake

Leo mwalimu wa Darasa la Nne ametuita mwenyewe tukakae nyuma darasani kwake tumtazame akifundisha. Mwenyewe! Yuleyule ambaye tangu Januari kila nikimwomba, siku hiyo watoto wana jaribio.

Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, havikuwa tatizo. Kila Alhamisi tunakaa, moduli tunasoma, saini tunaweka. Kigingi kilikuwa kuingia darasani kwa mwenzako. Nilikuwa nimesoma kuhusu walimu wa Japani na jugyō kenkyū yao, somo moja linaandaliwa na kikundi, mmoja analifundisha, wengine wanatazama. Nikadhani siri iko kwenye fomu ya kutazamia somo. Nikaipunguza vipengele kutoka 22 hadi 9, kisha 4. Wapi! Kwetu anayekaa nyuma na kalamu ni mthibiti ubora wa shule tu, na akiondoka anaacha ripoti.

Aliyevunja ukimya ni mwalimu mkuu. Alisema aanze yeye, Darasa la Pili A, kutoa kwa kuchukua: 52 − 27. Alieleza vizuri sana kwa mafungu ya njiti, lakini karibu nusu ya darasa waliandika 35 badala ya 25. Kwenye kikao kimya kilitanda, mpaka mwalimu mdogo kuliko sote akasema, "Madam, njiti ulizishika wewe, watoto hawakuzigusa." Akajibu, "Kweli kabisa," akaandika. Baada ya siku mbili akafundisha mkondo B, njiti mikononi mwa watoto. Halafu akaanza kushika vipindi vyetu ili tupate nafasi ya kutazamana. Ratiba niliyohangaika nayo wiki sita ikanyooka.

Maoni tunaandika kwenye kaunta buku moja inayokaa ofisini. Kundi la WhatsApp nimeliacha, maoni yanazama chini ya matangazo ya misiba na michango.

Leo nilipanga tuanze moduli mpya. Nimeiweka kando, kwa sababu mwalimu wa Darasa la Pili aliuliza: mbona hatujawauliza hao wa 35 walifikirije? Mapumziko nikakaa na watatu wa mkondo A. Mmoja akaniambia, "Mbili haiwezi kutoa saba, nikageuza."

Nikageuza! Yaani saba toa mbili, tano. Kumbe ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Kesho saa nane tunaandaa somo upya, tukianzia hapo.