Kilichonishika Baada ya Soba

Mara ya kwanza nilitoka soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, hapa Unguja, nikiwa na miezi minne bila unga, yaani heroini. Nikarudi chumbani kwangu kulekule Ng'ambo, ukuta mmoja na maskani ya watumiaji. Sikumaliza siku kumi. Nikajidunga kipimo changu cha zamani, kumbe mwili haukiwezi tena. Nikazindukia hospitali. Wenzetu wengi hufa hivyo, wiki za mwanzo baada ya kutoka, na hatuambiani vya kutosha.

Nilirudi soba. Arosto, yale maumivu ya mwili kukosa unga, ni wiki moja, inapita. Safari hii mzee mmoja pale, naye zamani alikuwa mtumiaji, aliniuliza: "Usiku unaota nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikuwemo kwenye meli iliyozama ikienda Pemba, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011. Tulishika godoro watu wanne. Kulipokucha tulibaki wawili. Tangu hapo nilipata usingizi kwa unga tu. Ilinichukua wiki nyingi kulisema hilo mbele ya wenzangu, kipande kipande, na siku nyingine nilinyanyuka nikatoka nje katikati ya sentensi.

Nilipomaliza sikurudi Ng'ambo. Nilikwenda kwa mama mdogo, Dunga, mbali na bahari. Laini ya simu nilibadilisha. Pesa za kibarua alishika yeye. Mimi nilipewa nauli ya daladala, mara tatu kwa wiki, kwenda mjini kwenye mitingi, vikao vyetu tunaoacha unga. Mtu mzima kuomba nauli ni aibu, lakini aibu ile iliniokoa. Wapo wenzangu wanaokunywa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga, kila siku kule hospitali ya Kidongo Chekundu, na simkubalii anayesema hao hawajaacha.

Usiku wa masika ndio ulikuwa mgumu. Mvua ikipiga bati, nasikia chumvi mdomoni. Nilifundishwa niwashe taa, niweke nyayo kwenye sakafu ya saruji mpaka nisikie baridi yake, nihesabu vitu ninavyoviona. Mama mdogo akiona taa, anaamka, anabandika birika.

"Kaa, mwanangu. Kama hutaki kusema, usiseme."

Tunakunywa chai ya mdalasini mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa nina miaka minne bila unga. Boti ya Pemba bado sijapanda. Mama yangu ndiye anayetoka Wete kuja kuniona.