Nani Anaenda Kuleta Damu?

Jana mwanangu wa mwisho alichomoa kwenye sanduku la vitenge kifuko chekundu cha kitambaa, kimejazwa pamba, kina shingo nyembamba kama kibuyu. "Mama, hiki ni cha kuwekea nini?" Nikamwambia hata yeye alikaa ndani ya kitu cha namna hiyo. Hakusadiki, akatoka kucheza. Mimi nikakaa kitandani nacho mkononi.

Kilishonwa na Mama Mkubwa, mkunga wa zamu ya usiku, wakati ninajiandaa kwa mtihani wa ubingwa wa uzazi na magonjwa ya akina mama. Tangu Daktari Mukwege, bingwa wa uzazi wa hapa kwetu, apate Nobeli ya Amani mwaka 2018, ukisema Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwamba unasomea kazi hiyo, watu wanakutazama kwa matumaini makubwa. Muuza wangu wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni Kadutu, aliniongezea kila mara bila kuombwa, akisema nile nipate nguvu ya kusoma. Nilisoma kwa taa ya simu. Ukutani nilibandika orodha, zote kwa Kifaransa. Ya kutoka damu nyingi baada ya kujifungua niliimeza mpaka nikaota nayo: zaidi ya mililita 500, sababu nne, yaani mfuko wa uzazi kulegea, kuchanika, kondo kubaki, damu kukataa kuganda, kisha dawa, puto la kubana damu ndani ya mfuko, upasuaji.

Usiku mmoja wodi ilikuwa imetulia, umeme hakuna, mvua inapiga mabati. Mama Mkubwa akaweka kile kifuko mezani, akakifunika kitenge.

"Mama amezaa. Mfuko umelegea, damu inamwagika. Anza, Dokta."

"Naita msaada."

"Unamwita nani? Tuko mimi, wewe na nesi wa watoto."

"Namwita nesi wa watoto."

"Haya. Mikono yako iko wapi?"

Nikaingiza ngumi chini ya kitenge, mkono wa pili nikaulaza juu, nikabana. Nikaagiza oksitosini, dawa ya kukaza mfuko, uniti 10.

"Friji imezimika tangu mchana. Umeigusa leo?"

Sikuwa nimeigusa. Dawa ile hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8; nililijua hilo kama jibu la mtihani. Nikaendelea: asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, gramu 1 kwenye mshipa.

"Amezaa saa ngapi? Si mnasema itolewe ndani ya saa 3?"

Nikanyamaza kidogo, nikasema: "Naagiza damu."

"Nani anaenda kuileta?"

"Mume wake."

"Mume yuko getini. Hana pesa ya pikipiki, na njia imejaa tope. Nani anaenda?"

Mikono ilianza kutetemeka. Nilitaka kuitoa nijinyooshe, akanishika viwiko vyote viwili. "Ukiachia, amekufa." Nikabana tena, pamba ikilia ndani ya kitambaa, jasho likinidondokea kwenye kitenge chake. Nikamtuma mlinzi, nikamwambia achukue pesa kwenye koti langu, nikampa chupa ndogo ya damu ya mgonjwa ya kulinganisha. Nilidhani nimemaliza.

"Na yeye umemwambia nini?"

"Nani?"

"Mama. Yuko macho. Anakutazama."

Nikainama juu ya ile meza na kusema: "Mama, unatoka damu nyingi. Mkono wangu unakuumiza, najua. Siutoi mpaka isimame. Siendi popote." Machozi yalinitoka, na sikuona haya. Mama Mkubwa akachukua taa akaenda kuwaangalia wagonjwa. Nilibaki gizani, bado nimebana.

Mtihani ulipofika, swali la mdomo likawa lile lile. Nikaanza na watu: nani ninamwita, nani anakimbia maabara, nani anakaa kichwani pa mama. Profesa mmoja akanikata: anataka itifaki, yaani hatua za tiba kwa mpangilio wake. Nikampa itifaki yote, nikafaulu. Mama Mkubwa aliponipongeza aliuliza jambo moja tu, kama waliuliza mume yuko wapi. Hapana, Mama.

Sasa nakaa upande wa pili wa meza, mimi ndiye mtahini. Yule profesa simlaumu: dakika ni chache, na asiyejua orodha hawezi kumwokoa mtu hata awe na moyo wa dhahabu. Mwaka jana asistanti mmoja, daktari anayesomea ubingwa, aliisema yote bila kukosea hata dozi, na swali likanitoka: "Nani anaenda kuleta damu?" Akawatazama wenzangu, mmoja mmoja, akitafuta nani amsaidie. Karatasi ya alama haina mstari wa swali hilo. Nilimpa alama zake zote za itifaki, alizistahili. Kikao kingine ni mwezi ujao, na bado sijaamua kama nitaliuliza tena.